Konekta za sola: zipi za kununua na zipi za kuacha dukani

Dukani karibu kila konekta nyeusi ya sola huuzwa kwa jina la MC4, na nyingi sizo. MC4 ni bidhaa ya kampuni ya Uswisi iliyoitwa Multi-Contact, ambayo leo ni Stäubli Electrical Connectors. Namba 4 ni kipenyo cha pini yake, milimita 4. Zilizobaki ni za watengenezaji wengine waliofuata umbo lile lile ili ziingiliane nayo. Kuingia zinaingia, zinalia "ta!", na siku ya kwanza mfumo unazalisha umeme kama kawaida.

Ndiyo maana hatuanzi kwa kuuliza konekta ipi ni nzuri. Konekta hununuliwa kwa jozi: dume na jike vya mtengenezaji mmoja na aina moja, pini iliyobanwa kwa koleo linaloifaa, na kebo inayotosha kwenye mpira wake. Ya bei ghali ikichomekwa kwenye isiyo mwenzake haina tofauti kubwa na ya bei chee.

Joto linatoka wapi

Konekta nzuri iliyofungwa vizuri ina ukinzani (kizuizi kwa mkondo wa umeme) mdogo sana. Stäubli wanataja mili-om 0.35 kwa MC4, mili-om ikiwa sehemu moja ya elfu ya om. Paneli kubwa za siku hizi za wati 550 hutoa takribani ampea 13 jua likiwa kali, na kwa ukinzani huo joto linalopotea kwenye konekta ni chini ya sehemu moja ya kumi ya wati. Huwezi hata kulihisi kwa mkono. Sasa chukua pini iliyobanwa vibaya, au dume na jike ambavyo springi ya kimoja haikamati pini ya kingine sawasawa, ukinzani ukapanda polepole hadi mili-om 30. Mkondo ni ule ule wa ampea 13, lakini joto sasa ni wati 5, tena ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba. Plastiki inalainika, springi inapoteza mkazo, ukinzani unapanda tena.

Cha kuangaliwa zaidi ni kwamba hakuna kifaa kitakachokuonya. Ukinzani wa mili-om 30 unapunguza volti 0.4 tu kwenye mfululizo wa paneli wenye volti 400, kwa hiyo inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa kutumia nyumbani, haioni tofauti. Fyuzi haikatiki, kwa kuwa mkondo haujazidi. Mfumo unaonekana mzima kwenye simu yako huku konekta moja ikiendelea kubabuka juu ya paa.

Hii ndiyo sababu kiwango cha IEC 62548, kinachohusu usanifu wa mifumo ya paneli, kinataka konekta zinazochomekana ziwe za aina moja na za mtengenezaji mmoja. Vipimo vya nje vinaweza kulingana kabisa, lakini aina ya madini ya pini, unene wa bati au fedha iliyopakwa juu yake, nguvu ya springi na ulaini wa mpira wa kuzuia maji kila mtengenezaji anapanga vyake. Mchana paa linachemka, usiku linapoa, na kila sehemu inatanuka na kusinyaa kwa kiasi chake. Maandishi ya "inaoana na MC4" kwenye pakiti ni madai ya anayeuza. Aliyetengeneza upande wa pili hajayatia sahihi.

Hesabu inayookoa fedha

Kuna njia rahisi ya kukwepa mchanganyiko, na inashangaza ni mafundi wangapi hawaitumii. Paneli za aina moja zikiungwa mfululizo, zinachomekana zenyewe kwa zenyewe. Hapo hakuna cha kununua. Konekta za kununua ni za kebo ndefu inayoshuka kutoka kwenye paneli hadi kwenye inverta. Kebo hiyo ina ncha mbili, na hakuna sheria inayosema ncha zote mbili ziwe na konekta ya aina moja. Ncha ya juu ivalishwe aina iliyopo kwenye paneli, ncha ya chini ivalishwe aina iliyopo kwenye inverta. Kwa kila mfululizo, wenye kebo mbili, ya chanya na ya hasi, unahitaji dume moja na jike moja vya aina ya paneli, na jozi nyingine ya aina ya inverta.

Hiyo ya pili mara nyingi tayari unayo: watengenezaji wengi wa inverta huweka konekta zake ndani ya boksi, kwenye kifuko kidogo ambacho hutupwa pamoja na makaratasi. Inverta nyingi za SMA, kwa mfano, hutumia Sunclix ya Phoenix Contact, ambayo uso wake ni tofauti kabisa na MC4. Soma karatasi ya vipimo vya paneli kabla ya kwenda dukani. Mstari wa konekta utakutajia jina na modeli. Ikiwa imeandikwa tu "inaoana na MC4", muulize muuzaji wa paneli kwa maandishi ni ya kampuni gani. Kukata konekta za kiwandani na kuweka zako ni suluhisho la mwisho, kwa sababu kunaweza kufuta dhamana ya paneli.

Nunua pini za ziada. Pini ikishabanwa haifunguliki, na ukiikosea ni ya kutupa.

Stäubli MC4 na MC4-Evo 2

Kama paneli zako zimekuja nazo, usitafute kingine. Mguso wake wa ndani ni utepe wa madini wenye vijimasega vingi vinavyogusa pini sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na hicho ndicho kinachoiwezesha kukaa miaka mingi bila ukinzani kupanda. Evo 2 ni toleo jipya zaidi, la mifumo inayofika volti 1500. Lawama yetu iko kwenye koleo lake la kubania: ni ghali, na anayefunga nyumba moja tu hatalinunua. Kodi au azima, lakini usibane kwa pulaisi.

Bandia zake ziko nyingi. Ya kweli ina jina la mtengenezaji lililochapwa kwenye plastiki yenyewe, aina, alama za majaribio na ishara ya kutochomoa mzigo ukiwa umewaka. Ukikuta imechapwa "MC4" peke yake bila jina la aliyeitengeneza, irudishe. Weka sumaku kwenye pini: pini nzuri ni ya shaba iliyopakwa bati au fedha, na sumaku haiishiki. Ikinasa, ndani kuna chuma. Jaribio hilo linakamata bandia mbaya sana tu, kwa hiyo sumaku isiponasa haina maana kwamba umepata halisi.

Amphenol Helios H4

Ya kuaminika, nasi tunaiweka ngazi moja na MC4 kwa kazi ya kawaida. Jike lake linaikumbatia pini kwa mtindo ambao Amphenol wanauita RADSOK, vyuma vyembamba vilivyopindwa vinavyoizunguka pini pande zote. Umbo lake linaingia kwenye MC4, na hapo ndipo mafundi huteleza: H4 kwa H4 ni sawa, H4 kwa MC4 ni mchanganyiko kama mwingine wowote, hata kama pande zote mbili ni za kampuni kubwa.

Sunclix na PV-Stick

Hizi mbili hazihitaji koleo la kubania. Sunclix ya Phoenix Contact unafungua springi, unaingiza nyuzi zilizomenywa, unaibonyeza irudi. PV-Stick ya Weidmüller unasukuma tu kebo iliyomenywa ndani. Kwa mtu anayefunga konekta nne maishani mwake tunazipendelea kuliko ya kubana, kwa sababu zinaondoa kosa kubwa kuliko yote. Zina sharti moja: menya kebo kwa urefu ulioandikwa kwenye maelekezo, ambao ni mkubwa kuliko wa konekta za kubana. Ukimenya fupi, springi inauma insulesheni badala ya shaba, na kwa macho ya nje kila kitu kinaonekana safi.

Za pakiti ya 20 zisizo na jina

Tuziache dukani. Baadhi yake pengine zingedumu, lakini huna njia ya kujua ni zipi, na mpira wa kuzuia maji mara nyingi ni mgumu kiasi kwamba nati inakaza bila mpira kukumbatia kebo. Tofauti ya bei kati ya hizi na halisi, kwa mfululizo mmoja, ni ndogo ukilinganisha na bei ya paneli moja.

Vigawanyio vya Y

Kigawanyio cha Y, kinachounganisha mifululizo miwili kwenye kebo moja, kinajumlisha mikondo, na wengi wanasahau. Mifululizo miwili ya ampea 14 ni ampea 28. Ukizidisha kwa 1.25 kama tahadhari ya kawaida ya jua kali, unapata 35. Vigawanyio vingi vidogo vimeandikwa 30. Kuanzia mifululizo mitatu sambamba, achana navyo na utumie boksi la kuunganishia lenye fyuzi, kwa sababu mfululizo mmoja ukipiga shoti, miwili iliyobaki itausukumia mkondo wake kinyumenyume.

Kebo na koleo

Konekta haiwezi kuokoa kebo mbaya. Kebo ya paneli ni ile yenye nyuzi nyembamba za shaba iliyopakwa bati na insulesheni mbili zinazostahimili jua, iliyoandikwa H1Z2Z2-K au PV1-F. Kila konekta ina kipenyo cha nje cha kebo inachokikubali. Pima kebo yako, usikisie. Kebo nyembamba kuliko kipimo inaacha mwanya ambao nati haiuzibi hata uikaze namna gani. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo huuzwa kwa bei ya kutamanisha, usiibane kwenye pini hizi: alumini huendelea kulegea chini ya mkandamizo. Ikwangue uzi mmoja kwa kisu, rangi nyeupe ya ndani itaitambulisha. Usiichanganye na bati la juu la kebo halisi. Ukikwangua hilo unakuta wekundu wa shaba.

Kama una fedha ya kitu kimoja tu cha ubora, tungeiweka kwenye koleo. Liwe la meno ya kufunga, lile lisiloachia mpaka limalize mbano wote, na lenye kinywa kinacholingana na pini. Pini za sola ziko za aina mbili: za bomba zima, zilizochongwa, na za bati lililokunjwa zenye mbawa mbili zilizo wazi. Kinywa cha mbawa huzikunja ndani na kuzichomeka katikati ya nyuzi, umbo la herufi B. Ukikitumia kwenye pini ya bomba unaiponda upande mmoja na kuiacha na uwazi upande mwingine. Ukiikata pini iliyobanwa vizuri kwa msumeno mwembamba, unaona shaba tupu imeshikamana, nyuzi zimebadilika kutoka duara kuwa pembe pembe kwa kubanana, hakuna tundu kati yake. Iliyobanwa kwa pulaisi ina vishimo vyeusi kati ya nyuzi, na hewa na unyevu hupitia humo humo.

Kufunga

Kata kebo kwa pembe mraba. Vua nati na mpira, uvipitishe kwenye kebo kwanza. Kusahau hili ndiko kunakofanya pini nzuri zikatwe na kutupwa. Kwa konekta za mtindo wa MC4 menya milimita 6 hadi 7.5, kwa kifaa cha kumenyea na si kisu. Kebo ya milimita mraba 4 huwa na nyuzi kama 56, hivyo ukikata 5 umepoteza karibu asilimia 9 ya shaba papo hapo kwenye shingo ya pini. Usizipake risasi ya kulehemu. Risasi hugeuza nyuzi kuwa kipande kigumu kisichobanika vizuri, na mahali inapoishia kebo hukatika kwa kutikiswa na upepo.

Ingiza nyuzi zote, bana kwenye tundu la koleo lenye namba ya kebo yako, 4 au 6. Insulesheni isiingie ndani ya mbano, wala nyuzi zisibaki nje. Kisha vuta kwa nguvu. Kiwango cha IEC 60352-2 kinataka mbano wa milimita mraba 4 uhimili mvuto wa nyutoni 310, sawa na mzigo wa kilo 31 hivi, kwa hiyo mkono wako peke yake usiweze kabisa kuichomoa.

Sukuma pini ndani ya plastiki mpaka isikike ikinasa, kisha ivute kidogo kurudi nyuma. Isirudi. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo yenye kosa linalojificha kuliko mengine: pini ambayo haikunasa husukumwa nyuma siku ya kuchomeka, ikabaki inagusana kwa ncha tu. Plastiki zimefunga, zimelia, na mita inasoma volti kamili, kwa kuwa volti hazihitaji mguso mzuri. Mkondo ndio unaouhitaji.

Nati ikazwe kwa spana mbili za plastiki, moja ishike mwili na nyingine izungushe, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Kwa nyingi ni karibu Nm 3. Ukikaza kwa mkono tu maji yataingia. Ukipitiliza, mpira unajikunja na kupasuka. Kabla ya kuchomeka chochote, pima kwa mita ipi ni chanya. Dume na jike havikuhakikishii hilo, hasa kwenye kebo iliyofungwa na mtu mwingine.

Konekta zilizo wazi zivalishwe vifuniko ikiwa kazi italala. Kinga ya IP67, ile ya kukaa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, inahesabika konekta zikiwa zimechomekwa na nati zimekazwa. Zikiwa wazi, umande wa usiku mmoja unatosha kuzianzishia kutu. Usipulizie mafuta ya kulainisha wala kisafisha mguso, baadhi ya kemikali hizo hupasua plastiki baada ya miezi. Na zifunge kwenye fremu kwa klipu, zisilale juu ya bati wala kwenye njia ya maji ya mvua. Kebo iende moja kwa moja kidogo kabla ya kukunjwa, la sivyo inauvuta mpira upande mmoja.

Upande wa betri

Konekta za paneli hazina kazi hapa. Inverta ya kilowati 5 kwenye betri ya volti 48 inavuta zaidi ya ampea 104 ikiwa na mzigo kamili, na karibu 120 ukihesabu upotevu na betri iliyoshuka. Kwa kuchomeka na kuchomoa tunapendekeza Anderson za familia ya SB: SB50 kwa chaji kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri) na mifumo midogo, SB175 kwa inverta kama hiyo. Dume na jike vyake vinafanana, na rangi tofauti hazichomekani, jambo linalosaidia sana mahali penye betri za volti 12 na 48 pamoja. Nazo pia zina nakala nyingi. Pini iliyo nyepesi mkononi iache.

Pasipohitajika kuchomoa, lagi ya shaba, kile kichwa chenye tundu la bolti kinachobanwa kwenye ncha ya kebo, ni bora kuliko konekta yoyote. Namba yake inasomeka kirahisi: SC35-8 ni ya kebo ya milimita mraba 35 na bolti ya milimita 8. Ibane kwa koleo la haidroliki lenye kinywa cha pembe sita, ufunike kwa mrija wa kusinyaa wenye gundi ndani. Wakati wa kufunga, lagi ikae moja kwa moja juu ya nguzo ya betri na washa, ile pete bapa ya bolti, ije juu yake. Washa ya chuma ikiwekwa kati ya lagi na nguzo, mkondo wote wa ampea 100 unapita kwenye chuma, na nguzo hiyo itakuwa ya moto kila jioni.

Ndani ya nyumba

Kwa taa na matumizi madogo ya DC ndani ya boksi kavu, Wago 221 ni nzuri: ya kawaida inachukua kebo hadi milimita mraba 4, ampea 32 na volti 450, na inashika nyuzi laini bila ferule, kile kibomba kidogo cha madini kinachovalishwa kwenye ncha ya nyuzi. Menya milimita 11. Isipelekwe juu ya paa, haina kinga ya maji wala ya jua. Vibao vya skrubu vinafaa kama nyuzi zimevalishwa ferule kwanza. Bila hiyo skrubu inazitawanya na kukata za pembeni. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu hakuna nafasi popote kwenye mfumo huu.

Kuchomoa na kukagua

Umeme wa AC wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. DC ya paneli haina sifuri hiyo. Ukichomoa konekta yenye mkondo, tao la umeme linaendelea kuwaka kati ya pini mbili na linayeyusha unachokishika. Zima inverta, zima swichi ya DC, kisha bana mita ya kukumbatia kwenye kebo uhakikishe inasoma sifuri. Ikisoma chochote, kuna hitilafu ya ardhi (umeme unavuja kwenda ardhini) au swichi haikukata. Usiguse konekta.

Ukaguzi wenye maana unafanyika jua likiwa kali na mfumo una mzigo, kwa kamera ya joto. Usitafute namba kamili. Linganisha konekta za mfululizo mmoja, kwa kuwa zote zinapitisha mkondo ule ule. Iliyo na joto la sentigredi 10 zaidi ya wenzake ifunguliwe. Bila kamera, zima kwanza kwa utaratibu huo, kisha tafuta duara la kahawia karibu na nati, plastiki iliyovimba, kitufe kilichokwama. Ukiichomoa ukakuta pini ina rangi ya bluu au nyeusi, badilisha pande zote mbili, dume na jike, na ukate kebo nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Jike lililopata moto limeshapoteza springi, na pini mpya utakayoichomeka humo itaungua kama ile ya kwanza.